Jiko la Sakafuni na Mkono wa Mzazi

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kile ambacho mzazi humtendea mtoto aliyekosea, na maneno hayo hayana uzito mmoja: yapo kukanya, kuonya, kugombeza, kukaripia, kufinya, kuchapa na kutandika, na lipo moja la zamani, kurudi, ambalo wazee wa pwani bado hulitumia wanaposema kuwa mtoto hana budi arudiwe, yaani aonywe mpaka arejee kwenye njia aliyoiacha. Kando ya vitenzi hivyo yapo majina mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, adabu na adhabu, ambayo yote yalitoka katika Kiarabu lakini kwa mizizi mbalimbali, la kwanza likihusu mwenendo mwema na heshima, la pili likihusu mateso. Matumizi ya mitaani yameyasogeza maneno hayo karibu mno, hata mtu akitamka kwa hasira kuwa atamtia mwenzake adabu, hakuna msikilizaji anayedhani kuwa kinachofuata ni somo la kuamkia wakubwa.

Mzazi wa mtoto mdogo, yule ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea hadi anayekaribia kuandikishwa darasa la kwanza, huishi kila siku kati ya maneno hayo mawili. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilieleza mwaka 2006 kuwa adhabu ya kimwili ni adhabu yoyote inayotumia nguvu kwa nia ya kusababisha maumivu au usumbufu wa kiasi chochote, hata kiwe kidogo namna gani, na kwa tafsiri hiyo kofi la mkononi, kufinywa paja na kuvutwa sikio havitofautiani na bakora isipokuwa kwa kipimo. Takwimu zilizotolewa na UNICEF mwaka 2024 zilikadiria kuwa takriban watoto milioni 400 walio chini ya umri wa miaka 5 duniani, sawa na 6 kati ya kila 10, huadhibiwa nyumbani mara kwa mara kwa kipigo au kwa maneno ya kuumiza. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18 na ndugu, mtu mwenye mamlaka juu yao au mpenzi. Jambo linaloenea kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa kusema kuwa wazazi fulani ni wakali au hawana huruma, kwa sababu wengi wa wanaochapa ni wale wale wanaokesha na mtoto anapopata homa.

Maelezo yanayotolewa upesi zaidi ni kwamba wazazi huchapa kwa sababu wanaamini katika kuchapa, na ushahidi unaoletwa kwanza ni methali. Ni kweli kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, kuwa samaki hukunjwa angali mbichi na kuwa udongo huwahiwa ungali maji, na ni kweli pia kuwa semi hizo hutamkwa na wazazi muda mfupi baada ya fimbo kuwekwa chini. Hata hivyo, anayezisoma kwa utulivu ataona kuwa hakuna hata mmoja unaotaja kipigo. Samaki mbichi hukunjwa kwa vidole na udongo wenye maji hufinyangwa kwa viganja, na kazi zote mbili huharibika zikifanywa kwa nguvu. Hata methali ya mchelea mwana kulia, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na fimbo, husema tu kuwa mzazi asiogope machozi ya mtoto, jambo ambalo mama anayemnyima mtoto wake pipi ya tatu amelitekeleza kikamilifu bila kuinua mkono. Methali hutumika zaidi kuhalalisha tendo lililokwisha kutendeka kuliko kuliongoza, na ndiyo maana mzazi huyo huyo, siku ambayo hana hasira, hukumbuka kuwa mtoto akililia wembe hupewa.

Dini nazo hutajwa kwa haraka ile ile. Kitabu cha Mithali katika Biblia kinayo maneno yanayofahamika sana juu ya fimbo na mwana, lakini Waraka kwa Waefeso unawaagiza akina baba wasiwatie watoto wao hasira, na wahubiri hawazigawi sehemu hizo mbili sawasawa. Kwa upande wa Waislamu, hadithi mashuhuri inayohusu kuwafundisha watoto sala inataja umri wa miaka 7 kuwa wa kuamrisha tu na miaka 10 kuwa wa kuadhibu anayepuuza, na mafundisho mengine yanakataza kupiga uso. Asiyekuwa na haraka atatambua kuwa mpangilio huo wa umri unamwacha mtoto wa miaka 3 au 4 nje kabisa ya adhabu, ilhali katika nyumba nyingi huyo ndiye anayeipata zaidi, kwa kuwa ndiye yuko karibu na mkono muda mrefu zaidi wa siku.

Lipo pia dai kwamba kuchapa ni mila ya Mwafrika na kuacha kuchapa ni uzungu. Dai hilo lina ukweli nusu, kwani jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na adhabu za kimwili kabla ya wageni, lakini linasahau kuwa fimbo iliyokuja kutawala shule, gereza na ofisi ya bwana shauri ilikuwa ya serikali za kikoloni. Neno kiboko, ambalo leo mtoto wa chekechea analijua, lilipata maana ya mjeledi kutokana na ngozi ya mnyama huyo, na katika koloni la Wajerumani adhabu ya hamsa ishirini, yaani mapigo 25, ilienea hata ikabaki katika kumbukumbu za watu kama jina la utawala wenyewe. Mtu aliyefundishwa shuleni kwa fimbo hiyo, naye akawa mwalimu, kisha akawa mzazi, aliipeleka nyumbani kama urithi wa elimu. Haipasi kuiita mila bila kuuliza ni mila ya nani.

Imani, basi, ina nafasi yake, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa. Charles Super na Sara Harkness, wataalamu wawili wa Marekani waliofanya utafiti katika miaka ya 1970 kwenye kijiji cha Kokwet cha jamii ya Kipsigis nchini Kenya, walipendekeza baadaye, mwaka 1986, dhana inayoweza kuitwa kwa Kiswahili kiota cha makuzi, wakieleza kuwa kila mtoto hukulia ndani ya mambo matatu yanayosukumana: mazingira ya vitu na watu wanaomzunguka, desturi za kumlea, na fikra za wale wanaomlea. Mijadala mingi ya malezi, kwenye redio, misikitini, makanisani na katika semina za hoteli, hushughulikia hilo la tatu na kuliacha la kwanza, kana kwamba mzazi ni kichwa tu kisicho na nyumba. Hilo ni kosa, na kosa lenyewe huonekana vizuri mtu akitazama jikoni.

Katika sehemu kubwa ya nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, jiko la mkaa huwekwa sakafuni, ukumbini au uani, na urefu wake pamoja na sufuria iliyo juu yake hukaribiana na kifua cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Saa kumi na mbili jioni mama anasonga ugali akiwa ameinama juu ya kigoda, mkono wa kushoto umeibana sufuria kwa kitambaa, wa kulia umeshika mwiko, na mtoto, ambaye amemkosa mama huyo tangu asubuhi kwa sababu alikuwa gengeni, anakuja taratibu na kikombe cha plastiki ili naye atie maji kwenye sufuria kama alivyoona watu wakifanya. Mama hana mkono wa tatu. Anapiga ukelele, mtoto anacheka na kusogea, na mwiko unatua juu ya kiganja kidogo kabla wazo lolote halijapita. Kilichoongoza mwiko ule ni hofu, kwa kuwa maji yanayotokota hayasubiri maelezo, na anayeandika kitabu cha malezi akiwa katika nyumba yenye jiko la gesi juu ya meza na mlango wa jikoni unaofungwa hana haki ya kusema kuwa mama huyo amekosa upendo.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Ndoo ya maji iliyonunuliwa kwa mchuuzi wa mkokoteni ni fedha, na mtoto wa miaka 2 anayeitumbukiza sabuni nzima ndani yake ili aone povu amemwaga fedha. Mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye njia ya bodaboda humfanya kila mlezi kuwa askari. Chumba kimoja kinacholala watu watano hakina kona ya kumtuliza mtoto peke yake, mbinu ambayo vijitabu vya malezi huisifu sana. Kuta nyembamba nazo zina kazi yake, kwani mtoto anayelia usiku huwaamsha wapangaji wote, na mzazi humnyamazisha kwa kufikiria majirani kabla ya kumfikiria mtoto. Mzazi huyo huyo akipelekwa kwenye nyumba yenye uzio, maji ya bomba na chumba cha ziada, sababu nyingi za kumpiga mtoto hutoweka kabla ya imani yake kubadilika hata kidogo. Hii haimaanishi kuwa matajiri hawapigi, maana wanapiga. Inamaanisha kuwa wanapopiga wamebakiwa na visingizio vichache.

Desturi, jambo la pili katika kiota hicho, hueleza kile ambacho mzazi anatarajia kukipata. Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Wagusii wa Kenya katika miaka ya 1950 na kuurejea baadaye pamoja na wenzake, alieleza kuwa akina mama wa jamii hiyo walimtuliza mtoto mchanga upesi sana anapolia na kumweka karibu na mwili, lakini mtoto alipoanza kujitambua walizungumza naye zaidi kwa maagizo kuliko kwa maswali, na sifa walizitoa kwa uchache wakihofia kuwa mtoto anayesifiwa atapata kiburi. Lengo lao la kwanza lilikuwa mtoto aishi, katika mazingira ambamo watoto wengi walikufa wakiwa wadogo, na la pili lilikuwa mtoto atii, kwa sababu mtoto mtiifu aliweza kukabidhiwa kazi na kuachwa na nduguze shambani. Harkness na Super nao walikuta kuwa Wakipsigis walitumia neno ng'om kumsifu mtoto mwenye akili, na akili hiyo ya nyumbani ilipimwa kwa kuona kazi inayotakiwa na kuifanya bila kuagizwa. Mtoto wa namna hiyo hakufinyangwa kwa viboko peke yake: aliaminiwa mapema, akapewa kazi ya kweli, akabebeshwa mdogo wake mgongoni akiwa bado anajifunza kumudu mwili wake mwenyewe. Wazazi wa mijini leo wameihifadhi fimbo ya babu zao na kuiacha kazi ile. Mtoto wa miaka 5 anayetazama katuni mchana kutwa anatakiwa awe na utii wa mchunga ndama bila kuwa na ndama.

Wanasaikolojia wengi hupanga malezi kwa kufuata mgawanyo wa Diana Baumrind, aliyechunguza familia za Berkeley, California, katika miaka ya 1960 na kutofautisha malezi ya kimabavu, ambayo mzazi huamuru bila maelezo, malezi ya kudekeza, ambayo mtoto hufanya apendavyo, na malezi ya mamlaka yenye maelezo, ambayo mzazi hushikilia mpaka lakini hueleza sababu yake na husikiliza. Mgawanyo huo una manufaa, lakini nyanya wa Kisii au bibi wa Pemba haingii vizuri katika kisanduku chochote kati ya hivyo, kwa kuwa huamuru bila kueleza na wakati huo huo hulala na mjukuu kitanda kimoja.

Jambo lililobadilika haraka zaidi ni idadi ya mikono. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na zamani msemo huo ulikuwa maelezo ya hali halisi kabla ya kuwa nasaha: palikuwa na bibi, shangazi, mama mdogo, dada wakubwa na jirani ambaye aliweza kumkanya mtoto wa mwenzake njiani na kushukuriwa jioni. Mikono hiyo haikuwa ya upole wakati wote, lakini ilipokezana, na mtoto aliyemchosha mmoja alikimbilia kwa mwingine, hasa kwa babu au bibi, ambao desturi iliwapa ruhusa ya kumtetea mjukuu mbele ya mzazi. Leo katika nyumba nyingi za mjini mtoto wa miaka 3 hushinda na dada wa kazi, ambaye mara nyingine ni msichana asiyefikisha hata miaka 18, anayepika, kufua na kupiga deki kwa wakati mmoja, na jirani anayethubutu kumkanya huambiwa asimguse mtoto wa watu. Mzazi hurudi usiku akiwa amesimama kwenye daladala kwa saa mbili, anakutana na orodha ya makosa ya mchana, na anatoa hukumu ya kesi ambayo hakuishuhudia, kwa mshtakiwa ambaye amekwisha kuisahau.

Kusahau huko si ujanja. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujizuia, kupanga na kufikiria matokeo, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20, na uwezo wa mtoto wa kuacha tendo alilokwisha kulianza hukua kwa kasi kati ya miaka 3 na 5, maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 2 aliyekatazwa kugusa redio anaweza kuyarudia makatazo yenyewe kwa mdomo huku kidole kikibonyeza. Mzazi huona ukaidi pale ambapo pana uchanga. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kurudia, kwa kuiga na kwa kuondolewa mbele ya kishawishi, na anapochapwa saa nne baada ya kosa hujifunza jambo moja tu, kwamba mtu mkubwa akirudi nyumbani maumivu huja. Vitisho navyo vina gharama ambayo hulipwa mahali pengine: mtoto anayenyamazishwa kila siku kwa kuambiwa kuwa daktari atamchoma sindano huja kupiga mayowe kliniki siku ya chanjo, na mama yake humchapa hapo hapo kwa kumtia aibu mbele ya wauguzi.

Kuhusu kama kipigo hufaulu, ushahidi hauko upande wa fimbo. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichapisha mwaka 2016 uchambuzi uliounganisha tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kuwa kupigwa makalioni kwa mkono, achilia mbali bakora, kuliambatana na ukorofi zaidi na matatizo zaidi ya akili, wala hakukuambatana na utii wa muda mrefu. Wapo wanaojibu kuwa matokeo hayo ni ya nchi ambako kupiga ni jambo geni, na swali hilo ni la haki. Jennifer Lansford na wenzake walilipima katika nchi sita, Kenya ikiwemo, kwa mama na watoto jozi 336, na matokeo yao ya mwaka 2005 yaliwapa watetezi wa mila nusu ya ushindi: pale ambapo kuchapwa ni jambo la kawaida madhara yalipungua, lakini hayakuisha, na watoto waliochapwa zaidi waliendelea kuwa wagomvi na wenye wasiwasi zaidi. Utafiti wa Tobias Hecker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 kwa kuwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, ulikuta asilimia 95 walikwisha kuadhibiwa kimwili, na miongoni mwao waliopigwa zaidi ndio walioonyesha ukorofi zaidi. Tafiti za aina hii haziwezi kukata shauri kama kipigo kilileta ukorofi au ukorofi ulileta kipigo, na yumkini kila kimoja hukilisha kingine, lakini fimbo iliyofanya kazi yake ingeacha alama tofauti na hiyo.

Sheria zinazohusu adhabu ya kimwili zimekwenda kwa hatua zisizolingana. Sweden ilipiga marufuku adhabu hiyo nyumbani mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, inamlinda kila mtu asiadhibiwe kwa kipigo. Tanzania Bara bado inaruhusu viboko shuleni kwa kanuni zinazoweka ukomo wa viboko vinne na kuagiza viandikwe kitabuni, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamwachia mzazi nafasi ya kumtia mtoto nidhamu mradi asimdhuru mwili wala akili. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inayo sehemu moja, katika kifungu cha 13, ambayo inastahili kusomwa kwa sauti katika kila kliniki ya watoto. Baada ya kukataza mateso na adhabu za kudhalilisha, kifungu hicho kinasema kuwa hakuna kumrudi mtoto kutakakohesabiwa kuwa halali iwapo kumezidi kiasi kwa kulinganisha na umri na hali yake, wala kutakakokuwa halali iwapo mtoto, kwa uchanga wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa makusudi ya kurudiwa huko.

Kwa kipimo hicho, kofi lolote kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuja na kikombe chake jikoni halina utetezi wa kisheria, na hilo limekuwa hivyo tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika, bila wazazi wengi kuambiwa. Serikali ya Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto hadi miaka 8, na ndani yake malezi yenye mwitikio, yaani ya kuitikia anachohitaji mtoto kabla ya kumkemea, yamepewa nafasi. Maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wangefanya vyema kuangalia kwanza jiko limewekwa wapi, ndipo wahubiri upole, kwa sababu jukwaa la matofali lililojengwa imara kwenye kona ya uani, kwa urefu wa kiuno cha mama, litaokoa viganja vingi kuliko semina. Na kwa mzazi ambaye usiku wa leo ameishiwa na uvumilivu, au jirani anayesikia kilio kilichopita kiasi ng'ambo ya ukuta, Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana kwa namba 116, bila malipo.